Mvua Tuliyoisikia Juu ya Turubai

Ipo nchi moja. Msiniulize iko wapi, maana mkiniuliza nitawajibu kwamba iko mbali sana, nanyi mtaitikia kwa kichwa huku mkitazamana. Katika nchi hiyo mlima mrefu kuliko yote uko katikati ya mji mkuu, na mlima wenyewe ni dampo. Ulianza kama shimo. Taka zikajaza shimo, zikapita usawa wa barabara, zikapita mapaa ya nyumba, hadi siku moja Wizara ya Mandhari ikapeleka wapimaji na kutangaza kwa fahari kwamba taifa sasa lina kilele chake. Bendera ikasimikwa juu. Kunguru wakaizoea.

Chini ya kilele hicho, upande wa magharibi, kulikuwa na mtaa uitwao Bondeni. Mabomba ya serikali ya Bondeni ukiyafungua yalikohoa tu, kwa hiyo wakazi walichimba kisima chao wenyewe, na pembeni ya kisima Shangazi Melania aliuza chai na vitumbua. Kwa maji ya kisima hicho alimlea Yusta, mtoto wa marehemu kaka yake. Alimwogesha, akamfulia sare za shule, akamchemshia uji, mpaka mtoto akawa mhandisi wa maji na udongo katika Wizara ileile ya Mandhari.

Serikali ilipoamua dampo lifungwe na kufunikwa kwa udongo, Mhandisi Yusta Lwambano ndiye mtu pekee wizarani aliyeuliza mvua ikinyesha juu ya kifuniko itaishia wapi. Udongo ukiwa mnene, unaimeza mvua na kuishikilia mpaka nyasi na jua viirudishe hewani. Ukiwa mwembamba, maji yanapenya, yanaloweka taka, na yakitokea kule chini yanakuwa na rangi na harufu ambayo mtu hawezi kuisimulia mezani. Tena yangeelekea Bondeni, kwa sababu ndiko mteremko unakoelekea. Yusta alitaka udongo ufike kifuani kwa mtu mzima. Wizara ilitaka shubiri mbili.

Na wizara haikutaka hivi hivi tu, ilikuwa na modeli. Modeli ni programu ya kompyuta. Unaieleza udongo wako, nyasi zako na mvua yako, nayo inakwambia maji kiasi gani yatapenya. Si kitu kibaya. Yusta alizijua modeli za namna hiyo tangu chuoni na aliziheshimu. Ubaya ulikuwa kwenye mambo iliyoelezwa. Mkurugenzi wa Mahesabu, Ndugu Pastory Kagoma, mtu mpole aliyevaa suti hata siku ya usafi, alikuwa amechukua mvua yote ya mwaka akaigawa sawasawa kwa siku zote za mwaka. Kwa hiyo ndani ya modeli kila siku kulinyesha kamvua kadogo mfano wa umande, na kila siku jua likakakausha, na hakuna tone lililopenya. Jibu la modeli likawa sifuri.

Yusta alimwendea ofisini kumweleza kwamba mvua ya nchi hii haina tabia hiyo. Inatoweka miezi na miezi, halafu inashuka alasiri moja mpaka mbuzi wanapanda juu ya magari. Udongo unaoweza kumeza umande wa kila siku hauwezi kumeza alasiri ya namna hiyo. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mhandisi," akasema, "kwa nini Aprili ipendelewe? Ipo miezi haijapata kitu. Mbele ya serikali siku zote ni sawa."

Yusta alitoka pale akiwa na kichwa kinachogonga. Lakini hakukata tamaa, maana ilikuwapo kanuni moja, iliyoingia katika sheria siku ambayo bunge lilisinzia, iliyosema kwamba modeli yoyote ya namna hiyo lazima kwanza ihakikiwe uwandani kwa msimu mmoja wa mvua. Yaani utengeneze kipande cha kifuniko chenyewe, usubiri mvua ya kweli, upime maji yaliyopenya, ulinganishe na yaliyosemwa na modeli. Zikitofautiana, modeli irekebishwe na udongo uongezwe. Kazi hiyo akapewa Yusta. Alifurahi kama mtu aliyepewa kiwanja.

*

Akatengeneza kiwanja cha majaribio pale kileleni, karibu na bendera. Chini kabisa akalaza sinia kubwa la bati, juu yake akashindilia udongo wa mfinyanzi shubiri mbili kama wizara ilivyotaka, juu ya udongo akaotesha nyasi. Kwenye sinia akatoa bomba, na mdomoni mwa bomba, ndani ya kashimo alikokachimba ubavuni, akaweka ndoo nyeupe yenye mfuniko. Basi. Mvua ingenyesha, udongo ungekunywa, nyasi zingefyonza, na kilichobaki kingeingia kwenye ndoo. Ndoo haina cheo wala haigombei ubunge, ingesema ilichokiona. Shangazi Melania alipopanda kuja kuitazama aliizunguka mara mbili, akauliza kama hiyo ndiyo itakayokisemea kisima chake. Yusta akamjibu kwamba ndiyo hiyo. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya.

Hapo ndipo ilipobidi kiwanja kizinduliwe.

Katika nchi ile hakuna kitu kilichoanza bila kuzinduliwa, na hakuna kitu kilichozinduliwa bila turubai. Na niseme ukweli kuhusu maturubai hayo. Nchi nzima ilivuja. Mapaa ya shule yalivuja, mitihani ilivuja, mapipa ya mafuta yalivuja, siri za baraza la mawaziri zilivuja kabla baraza halijakaa. Kitu kimoja tu hakikuvuja, nacho ni turubai la serikali. Kitengo cha Maturubai na Viti kilikuwa na watumishi wengi kuliko kitengo cha wahandisi, kilipata magari mapya kwanza, na mkuu wake, Bwana Maokola, alikuwa fundi wa kweli, asiyelala mpaka kamba ya mwisho imekazwa. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kudondokewa na tone akiwa chini ya kivuli cha Bwana Maokola.

Bwana Maokola akafika kileleni, akauliza kinachozinduliwa ni nini. Yusta akamwonyesha kiwanja. Akauliza mgeni rasmi atakitazama kutokea wapi. Yusta akasema kutokea pembeni. Bwana Maokola akatikisa kichwa, akapima kwa macho, akasimika turubai moja kubwa lililokifunika kiwanja chote pamoja na viti, meza kuu na sehemu ya wanahabari. Yusta akaona ni siku moja tu, si neno.

Mgeni rasmi, Waziri wa Mandhari mwenyewe, akaahirisha kuja. Alikuwa na uzinduzi mwingine. Wiki iliyofuata akaahirisha tena. Turubai likabaki, kwa sababu halishushwi kabla mgeni rasmi hajafika, na masika yakaingia kwa nguvu zake zote. Yusta alikaa chini ya lile turubai kwenye kiti cha plastiki, akatazama mvua ikinyesha kilele kizima isipokuwa pale. Ilipiga bendera, ilipiga kunguru, ilitiririka ubavuni mwa dampo ikibeba mifuko na ndala. Kiwanja chake kilikuwa kikavu kiasi cha kuhitaji kumwagiwa maji ya kutuliza vumbi.

Alimwomba Bwana Maokola alisogeze japo hatua chache. Bwana Maokola akasema turubai la mgeni rasmi likisogezwa linahesabika limeshushwa, na likishushwa ni lazima lianze kusimikwa upya kwa utaratibu. Alimwomba Mkurugenzi Kagoma. Mkurugenzi akasema suala la maturubai liko nje ya mahesabu. Mwishoni akajichukulia hatua mwenyewe: akabeba keni ya kumwagilia bustani, akaanza kukinyeshea kiwanja kwa mkono. Bwana Maokola akaja mbio, akaikamata ile keni.

"Dada Yusta, unataka nifukuzwe kazi? Mheshimiwa akikuta udongo umelowa chini ya turubai langu, atasema nini?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Yusta zaidi. Ungempata mtu mbaya ungepigana naye. Hawa walikuwa watu wema, kila mmoja akifanya kazi yake vizuri, na kwa pamoja walikuwa wakimzuia Mungu asinyeshe.

*

Waziri alifika masika yanapofungasha. Kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha, ikaonekana ni busara uzinduzi na matokeo vifanyike siku moja kupunguza gharama. Waziri huyo alikuwa na shahada ya udaktari aliyozawadiwa siku ya kuzaliwa kwake, na alipenda sana sayansi. Risala ikasomwa, itifaki ikazingatiwa, mshereheshaji akaomba makofi ya kilo, akapewa. Kisha Mkurugenzi Kagoma akainama kwenye kale kashimo, akaitoa ndoo, akafungua mfuniko mbele ya kamera. Ndani kulikuwa na buibui mmoja.

Mkurugenzi akatangaza kwamba modeli ilisema sifuri na ndoo imesema sifuri, na kwamba katika fani hii duniani kote ni nadra sana mahesabu na vipimo kukubaliana kwa ukamilifu namna hiyo. Waziri akasimama kupiga makofi. Meza kuu yote ikasimama.

Yusta akanyoosha mkono. Alikuwa na hasira aliyokaa nayo masika yote. Akapewa kipaza sauti kwa sababu ilidhaniwa anataka kushukuru. Akasema ndoo ni kavu kwa sababu haikunyeshewa. Akasema ukiweka kipande cha udongo chini ya turubai msimu mzima huwezi kujua udongo huo utafanya nini ukinyeshewa, na kwamba watu wa Bondeni wanakunywa maji ya kisima, na anaomba msimu mwingine mmoja, mmoja tu, bila turubai.

Waziri akatabasamu, akachukua kipaza sauti kwa upole wa mtu anayemrudisha mtoto kitandani.

"Ndugu zangu," akasema, "mhandisi wetu kijana anasema mvua haikunyesha hapa. Basi nataka niwaulize walinzi, wapishi na Kitengo cha Maturubai, ambao wamekaa hapa masika yote. Mvua hamkuisikia?"

Wakajibu kwa pamoja kwamba waliisikia.

"Mliisikia wapi?"

"Juu ya turubai, Mheshimiwa."

"Juu ya turubai hili hili, lililo juu ya kiwanja hiki hiki," akasema Waziri, akawageukia wanahabari. "Mvua ilinyesha hapa. Ushahidi upo. Na ndoo ni kavu. Sasa mimi si mhandisi, lakini nikiona hivyo nasema huo udongo ni imara."

Siku ileile modeli ikatangazwa kuwa imehakikiwa. Kiwanja kikapewa hadhi ya kumbukumbu ya taifa, na Waziri akaagiza turubai libaki pale pale ili matokeo yasije yakaharibika. Yusta akateuliwa kuwa msimamizi wa kumbukumbu hiyo, wadhifa ambao ulikuwa na kiti. Alipomsimulia Shangazi Melania jioni hiyo, shangazi alikuwa anasonga ugali, akauliza kama ndoo haikusema lolote. Yusta akasema ndoo haikupewa nafasi.

*

Kifuniko cha shubiri mbili kikatandazwa mlima mzima kabla ya kiangazi. Kwa mbali kilipendeza. Kisha jua likaanza kazi, na udongo wa mfinyanzi ukikauka ninyi mnaujua ulivyo. Ukapasuka. Nyufa zikaanza nyembamba za kupitisha siafu, zikapanuka zikapitisha panya, na kufikia mwezi wa tisa ndala yako ikitumbukia huioni tena. Yusta akapeleka taarifa. Wizara ikajibu kwamba modeli haina nyufa, na kama modeli iliyohakikiwa haina nyufa basi hizo zinazoonekana ni matundu ya kupumulia.

Chini ya turubai kiwanja cha majaribio hakikupata hata ufa mmoja. Jua halikukifikia. Wageni walioletwa kukitazama walikisifu sana.

Vuli ilipoanguka, ilianguka kama kawaida yake, alasiri moja. Maji hayakuhangaika kupenya udongo. Yaliingia kwenye nyufa kama watu wanaoingia kwao. Yusta aliyasikia yakigugumia chini ya miguu yake. Alisimama pale kileleni akiyahesabia njia kwa kichwa, kutoka ufa hadi taka, kutoka taka hadi chini, kutoka chini hadi Bondeni, na akajikuta analia kwa hasira kama mtoto aliyeambiwa hakuona alichokiona.

Haikupita wiki mbili, kisima kikatoa maji yenye rangi ya chai kabla majani hayajatiwa. Shangazi Melania aliyachemsha, yakatoa povu. Akayamwaga, akateka mengine, yakatoa povu lilelile. Watoto wa jirani wakaanza kuendesha, mmoja akalazwa. Wateja wa chai wakaacha kuja, kwanza wageni, halafu na wenyeji. Shangazi akafunika sufuria yake kubwa, akaiegemeza ukutani.

Wakazi walipoandamana mpaka wizarani, gari la matangazo lilitumwa Bondeni kuwaelimisha. Lilizunguka mitaani likisema kwamba modeli ya taifa imehakikiwa na haikupenyeza hata tone, kwa hiyo maji yaliyomo kisimani hayakutoka dampo, na mwananchi mwenye taarifa za mahali yalikotoka atoe ushirikiano. Shangazi Melania alilisikiliza gari mpaka likapotea.

"Wewe si ndiye mhandisi wao?" akamwambia Yusta. Hakusema kwa ukali, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa ukali.

Kesho yake shangazi mwenyewe akapanda kileleni na ndoo yake tupu, akitaka kuiona ile kumbukumbu ya taifa kwa macho na kumuuliza mwanawe maneno zaidi. Mvua ikamkuta huko. Akakimbilia chini ya turubai, akaketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kuona kitu kinapotea bure, akasogeza ndoo pale ukingo wa turubai unapomwaga. Ikajaa kabla hajamaliza kufuta uso. Maji meupe, yanaonyesha mpaka chini ya ndoo. Shangazi akayaonja, akamtazama Yusta, akayaonja tena.

Kufikia mwisho wa wiki foleni ya ndoo na madumu ilikuwa inashuka kutoka kwenye bendera hadi barabarani. Bondeni nzima ilipanda kunywa turubai. Bwana Maokola alitaka kufoka, lakini kina mama wakamwambia turubai lake ni safi kuliko sahani, na tangu hapo akawa analifuta vumbi kila asubuhi na kulikaza pembe ili limwage vizuri. Shangazi akarudisha sufuria jikoni.

Yusta, kwa upande wake, aliona kitu kingine. Hizo ndoo zilikuwa mvua yake. Maji yote ambayo yangekinyeshea kiwanja masika yaliyopita yalikuwa yakimwagika pale pembeni, mbele ya macho ya watu, na sasa yangeweza kuonwa na kila mtu. Akaenda mbio kwa Mkurugenzi Kagoma. Akamwambia kwamba sasa ushahidi umepatikana: kiwanja hakijawahi kulowa, maana mvua yake yote inaondoka na kina mama, kwa hiyo modeli haikuhakikiwa, kwa hiyo kifuniko kifumuliwe, udongo uongezwe. Alizungumza kwa haraka na pumzi ikamwishia.

Mkurugenzi akavua miwani.

"Hao kina mama," akauliza, "wanapata maji safi na salama?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kutoka kwenye mradi wetu?"

*

Mradi wa Maji Kileleni ukapangiwa uzinduzi alasiri moja ya Desemba. Bwana Maokola akaitwa wizarani. Tatizo lililokuwapo lilikuwa la kiufundi: turubai la mradi lilikuwa linamwaga maji pembeni, na pembeni ndipo watakapokaa wageni, na mgeni rasmi hawezi kurushiwa matone. Bwana Maokola hakuhitaji kufikiri sana. Akasimika turubai la pili, kubwa kuliko yote aliyowahi kusimika, juu ya lile la kwanza. Na ili magari ya msafara yasikwame kwenye tope, akachimba mtaro kulizunguka, akayaelekeza maji yote ya turubai kubwa kwenye ufa mpana kuliko nyufa zote, upande wa magharibi.

Yusta alipouona ule mtaro alienda kusimama mbele yake. Akamwambia Bwana Maokola kwamba maji hayo yanakwenda moja kwa moja kisimani kwa shangazi yake. Bwana Maokola akakuna kichwa, akasikitika kwa dhati, akasema laiti angeambiwa mapema.

Shangazi Melania aliteuliwa kuwa mwananchi mnufaika, atakayekinga ndoo ya kwanza. Akavalishwa kanga ya mradi yenye picha ya Waziri mgongoni, akasimamishwa ukingoni mwa turubai la ndani na ndoo yake. Mvua ikaanguka saa ileile Waziri alipoanza kuhutubia. Ilipiga juu kwa kishindo, mpaka kipaza sauti kikaongezwa nguvu. Waziri akasema kwamba wapo waliobeza, wapo waliosema dampo haliwezi kutoa maji, leo waje waone dampo linanywesha taifa. Akakata utepe. Mshereheshaji akaomba vigelegele. Watu wote wakageuka kuitazama ndoo ya Shangazi Melania.

Hakikuanguka kitu. Turubai la ndani lilikuwa kavu kama kiwanja kilichokuwa chini yake. Shangazi akaisogeza ndoo kidogo kulia, akairudisha kushoto, akatazama juu. Wapiga picha wakaanza kunong'ona. Afisa habari, kijana mwepesi, akachukua chupa za maji za meza kuu, akaanza kuzimimina kwenye ile ndoo moja baada ya nyingine mpaka chini pakafunikwa, akamwambia mama ainamishe ndoo kuelekea kamera. Picha zikapigwa. Waziri akampa mkono.

Yusta hakunyoosha mkono safari hii. Alikwenda kwenye kashimo, akaichukua ile ndoo yake nyeupe, ambayo tangu iwekwe pale haikuwahi kulowa. Akapita katikati ya viti, akatoka nje ya turubai kubwa, akasimama mvuani mbele ya msafara mzima, ndoo mikononi, nywele zikimganda usoni. Mvua ile haikumchelewesha. Akarudi nayo ikiwa imejaa pomoni, akiacha alama za tope kwenye zulia, akaitua juu ya meza kuu mbele ya Waziri. Maji kidogo yakamwagikia hotuba.

"Mheshimiwa, hii ndiyo mvua," akasema. "Inanyesha pale nje. Kiwanja hiki hakijaionja tangu nikijenge, na Bondeni inakunywa taka. Naomba maturubai haya yashushwe sasa hivi, ndoo hii niimwage na kuirudisha kashimoni, nasi sote tusimame hapa tuone itajaa au haitajaa."

Waziri akaitazama ndoo. Ilikuwa ndoo ya vipimo, yenye nembo ya wizara, ile ile iliyotangazwa kuwa kavu, na sasa ilikuwa na maji. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote cha kisayansi. Na Yusta, Mungu amsamehe, akaanza kutumaini.

Waziri akainua macho polepole kuelekea juu.

"Maokola," akasema, "linavuja?"

Bwana Maokola akajitokeza akiwa amepauka. Akaapa kwa watoto wake kwamba halivuji, halijawahi kuvuja. Waziri akasema anamwamini, lakini yeye kama kiongozi hawezi kupuuza ndoo iliyojaa maji, sayansi ni sayansi, na kwa hiyo anaagiza turubai la tatu lisimikwe juu ya haya mawili mara moja. Makofi yakapigwa. Mkurugenzi Kagoma aliyapiga kwa muda mrefu zaidi, na machoni alionekana kupata nafuu.

Shangazi Melania akaja mpaka meza kuu. Akainyanyua ndoo ya mwanawe, akaimiminia kwenye yake juu ya yale maji ya chupa, maana maji ni maji, akajitwika. Akamshika Yusta mkono, wakatoka wakashuka mvuani kuelekea Bondeni. Kando yao ule mtaro ulikuwa unakimbia kwa kasi, ukifika kwenye ufa unazama wote. Walikwenda mpaka nusu ya mteremko, ndipo shangazi akasimama kuitengeneza ngata yake.

"Yusta mwanangu," akasema, "hawa watu mvua imewakosea nini?"

Juu nyuma yao watu wa Bwana Maokola walikuwa wameshaanza kazi, na nyundo zilisikika zikipigilia vigingi vya turubai la tatu, vigingi virefu vya chuma, kila kimoja kikipita shubiri mbili za udongo na kuingia kwenye taka.